Kijiti mkononi: namna ya kujinasua ukishikwa njiani

Fundi mkerezaji pale Mwenge, Dar es Salaam, aliugeuza mchoro wangu mara mbili, kisha akauliza, "Mama, huu mchi mdogo hivi, ni wa kutwangia iliki?" Nilikuwa nimemchorea kwenye kipande cha karatasi ya kukatia paterni, kwa chaki ya cherehani: urefu sentimita 14, unene sentimita moja na nusu, ncha zote mbili butu. Nikamjibu, "Hapana mzee, wa kutwangia mikono ya watu." Akacheka sana. Alipomaliza kucheka akaniambia ana binti anafanya kazi hotelini, anatoka saa 6 usiku. Nikaondoka na vijiti viwili vya mpingo, na mchoro akaubakisha yeye.

Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Tandika. Nilicheza karate nikiwa msichana, miaka minane, mpaka mimba ya kwanza iliponikalisha. Jumapili asubuhi huwa nawafundisha wanawake wa mtaani kwetu nyuma ya duka, chini ya mwarobaini, na kwa miaka michache sasa kitu ninachoulizwa zaidi ni hicho kijiti. Wengi wanakuja wakidhani ni silaha ya siri kutoka kwenye sinema. Naanza kwa kuwaambia kazi yake moja tu: mtu amekushika, unataka aachie, uondoke. Ukikitafutia kazi ya pili umeshapotea.

Asili yake ni Japani. Kule vijiti vifupi vya kushika kwenye ngumi ni vya zamani, na kimoja kinaitwa yawara. Miaka ya 1940 Frank Matsuyama aliwafundisha polisi wa Marekani kukitumia. Baadaye akaja Takayuki Kubota, mzaliwa wa Kumamoto, mwalimu wa karate aliyehamia Marekani mwaka 1964. Yeye ndiye aliyetengeneza kile cha plastiki chenye mikato ya kuzunguka na pete ya funguo, na miaka ya 1970 kikafundishwa kwa askari wa kike wa Los Angeles. Kikaitwa kubotani kwa jina lake. Sisi huku vifimbo vifupi tunavijua kwa viongozi, Mwalimu na kifimbo chake, Moi na rungu lake, lakini vile vilibebwa vionekane. Hiki ukikibeba vizuri mtu akipishana nawe hajui kama kipo.

Kipimo chako kipate kwa ngumi yako mwenyewe. Funga ngumi juu ya futikamba usome upana wake, kisha ongeza upana wa vidole viwili juu na viwili chini. Ngumi yangu ni sentimita 8, ndiyo maana changu ni 14. Mpwa wangu mwenye vidole kama vya mtoto anatumia cha 13. Kikiwa kirefu kuliko hapo kinanasa kwenye nguo wakati wa kukichomoa, na kikiwa kifupi ncha inamezwa na ngumi, unapiga kwa nyama yako mwenyewe. Unene nao una maana: vidole vikizunguka, ncha zake zikaribie kugusa tumbo la kiganja. Kijiti chembamba kama penseli kinakuumiza wewe kabla ya kumuumiza yeye.

Mpingo nimeupenda kwa uzito. Ni mti mgumu, ukiutupa majini unazama, na ndio huohuo unaosafirishwa Ulaya kutengenezwa klarineti. Lakini mninga unafaa, mtiki unafaa, na mpini wa ufagio wa zamani, ule uliokuwa wa mbao kwelikweli, nao unafaa. Nina wanafunzi watatu waliogawana mpini mmoja. Mwanzi hapana, unapasuka na kukuchana. Ukiusugua mpingo kwa msasa, fanyia nje na ufunge kitambaa puani, maana vumbi lake linawasha na wengine linawatoa vipele. Mwambie fundi akupigie mikato mitano sita ya kuzunguka katikati ili jasho lisikiteleze. Kama ni mpini wa ufagio, kata utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, uzungushie, ufunge kwa uzi.

Ncha ziwe mviringo, kama kichwa cha kidole gumba. Kila darasa jipya lina mtu anayetaka kuchonga. Ukichonga ncha umetengeneza kisu, na kisu kina mambo mawili: kinaua bila wewe kukusudia, na kikinyang'anywa kinarudi kwako. Wananiuliza pia, wewe fundi, si ungebeba mkasi tu? Mkasi wangu una urefu wa inchi kumi na ninaujua unachofanya kwenye tabaka sita za jinzi. Sitaki kuuona kwenye tumbo la mtu, hata la mwizi.

Na kama kijiti kinakutia wasiwasi kabisa, nunua tochi ndogo ya chuma ya urefu huohuo. Inashikwa vilevile, inapiga vilevile, inakumulikia mtaro, na hakuna askari wala mkwe atakayekuuliza ni ya nini.

Sasa nieleze nilivyojifunza mahali pa kukiweka, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea na mimi nikiwa wa kwanza. Mwaka juzi, siku tatu kabla ya Idi, nilifunga duka saa 4 usiku. Msimu ule unajua, kila mtu anataka gauni lake kesho. Nikapita njia ya mkato nyuma ya ukuta wa godauni, ambayo mchana ni dakika tano. Mtu akatoka upande wa kulia, akanidaka kifundo cha mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Tulia, mama." Mimi, mwalimu wa kijiti, mkono wangu wa pili ukazama kwenye mkoba. Ndani ya mkoba kulikuwa na kanga, kopo la chakula, gauni la mteja, na kijiti kilikuwa chini ya vyote hivyo. Mkono ulitoka na futikamba.

Kilichoniokoa ni kitu nilichofundishwa nikiwa na miaka kumi na tano, kuzungusha mkono kuelekea kidole gumba chake, na mbio. Mkoba niliuacha. Asubuhi mwanangu aliukuta mtaroni. Simu hakuna, hela hakuna, kijiti kipo.

Tangu siku ile nashona mifuko. Nguo za wanawake wa kwetu hazina mifuko, na sisi mafundi ndio wa kulaumiwa, kwa hiyo nimeanza kulipa deni. Kwenye dera au gauni la kitenge, mfuko unakaa kwenye mshono wa ubavuni. Vaa nguo, simama wima, mkono uning'inie bila kuukaza, mwenzako atie alama ya chaki pale katikati ya kiganja inapogusa. Mdomo wa mfuko uwe sentimita 3 juu ya alama hiyo. Fumua mshono hapo. Kata kitambaa kigumu, jinzi iliyobaki ni bora kuliko yote. Kanga itararuka ndani ya mwezi. Upana sentimita 3 na nusu ukishashonwa, kina sentimita 11, ili kijiti cha 14 kibaki kimechungulia sentimita 3. Mdomo ukate kwa mshazari kuelekea mbele, kwa sababu mkono unaingia kutoka mbele, hauingii kutoka juu. Piga bandi kwanza, ule mshono wa muda wa sindano ya mkono, jaribu kuchomoa mara ishirini, halafu ndipo upige cherehani mara mbili. Kikitoka bila kuvuta gauni, umepata. Kikivuta gauni, ongeza nusu sentimita.

Kwa anayevaa baibui, nimejaribu mfuko wa ndani ya mkono na ukashindwa. Kijiti kinateleza mpaka kwenye kiwiko. Bora kitanzi cha lastiki kwenye mkanda wa mkoba, pale mkanda unaposhuka kutoka begani. Kwa suruali, mfuko wa mbele, kisimame wima kando ya mshono. Mfuko wa nyuma hapana. Utakikalia kwenye daladala, utakitoa uweke mapajani, utashuka ukisahau.

Hayo yote ni ya njia ya kawaida. Ukifika kwenye kile kipande cha njia unachokijua wewe, chenye giza, chenye ukuta, kijiti kiwe kimeshatoka na kiko kiganjani, mkono chini, umejitanda kanga juu yake. Kichomolewe kabla ya hofu. Mkono ulioshtuka haujui mfuko uko wapi. Nakwambia mimi mwenye futikamba.

Funguo? Kubotani ya dukani huja na pete ya funguo, na walimu wengine wanapenda rundo la funguo liwe kama mjeledi wa usoni. Mimi sipendi. Rundo linalia njia nzima, na ukikidondosha kijiti umedondosha nyumba. Nimefunga ufunguo mmoja tu, wa kufuli la geti, kwa sababu unanilazimisha kukishika mkononi hatua thelathini za mwisho, na hizo ndizo zenye giza kuliko zote mtaani kwetu.

Namna ya kushika: shika kama mchi. Mwanamke yeyote aliyetwanga anajua, huhitaji mwalimu wa Kijapani. Vidole vinne vinazunguka, kidole gumba kinafunga juu ya kidole cha shahada na cha kati. Wapo wanaofundisha kukiweka kidole gumba juu ya ncha ili kijiti kisirudi juu ukipiga. Inafanya kazi kwa mwenye mazoezi, lakini mgeni akipiga vibaya anateguka kidole. Anza kwa kufunga ngumi. Na pigo lenyewe ni la kutwanga, linashuka kutoka juu, ncha ya chini ndiyo inayotangulia, ile iliyo upande wa kidole kidogo. Usichome kwa mbele kama unachoma mshikaki. Kifundo chako kitapinda.

Nguvu inatoka kwenye bega na kiuno. Kuna binti alikuja kwangu anapiga kwa kifundo tu, tip tip tip, kama anagonga mlango wa mwenye nyumba akidai nafuu ya kodi. Nikampa mchi wa kweli na kinu chenye mahindi, nikamwambia atwange dakika mbili. Alipokishika tena kijiti alikuwa mtu mwingine.

Wapi pa kupiga. Kwanza kabisa mgongo wa kiganja chake, ile mifupa myembamba inayoonekana chini ya ngozi. Jibonyeze hapo sasa hivi kwa kidole gumba na utaelewa. Pili kigasha, mfupa wa juu karibu na kifundo. Tatu paja kwa nje, katikati ya goti na nyonga; pigo zuri hapo linalegeza mguu mzima kwa muda, na mtu mwenye mguu uliolegea hakukimbizi. Ugoko, na juu ya unyayo kama mmeanguka chini wote wawili. Mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, nauweka kwa hali mbaya tu, kwa sababu unavunjika.

Koo, macho, panja (pale kati ya jicho na sikio), kisogo: siwafundishi, na nawaambia kwa nini. Kijiti kinakusanya nguvu yako yote kwenye duara dogo kuliko shilingi mia. Pale kwenye nyama kinaumiza, pale kwenye panja kinaweza kuzika mtu. Wewe ulitaka aachie mkono tu.

Sasa akishika kifundo chako. Mkono wake umekuzunguka, vidole vinne upande mmoja, gumba upande mwingine. Pale gumba linapokutana na vidole ndipo mlango ulipo. Kama kijiti kiko kwenye mkono ulio huru, twanga mgongo wa kiganja chake, mara mbili, usingoje kuona la kwanza limefanya nini. Wakati huohuo mkono wako ulioshikwa unazunguka kuelekea mlangoni na kiwiko chako kinakwenda mbele kumfuata yeye. Hapo wengi hukosea: wanavuta nyuma. Ukivuta nyuma unashindana na nguvu yake yote. Ukisogea mbele na kuzungusha, unashindana na kidole gumba kimoja.

Kama kijiti kiko kwenye mkono uleule ulioshikwa, mambo ni magumu kidogo. Inua ncha ya juu ipande juu ya kifundo chake, ilale kwenye mfupa wa kigasha, mkono wako wa pili udake ncha hiyo kutoka upande wa pili, kisha bonyeza chini na kwake kwa pamoja, kama unakamua nazi. Darasani inapendeza sana, mtu anakwenda chini anapiga kelele. Barabarani, mikono ina jasho na yeye hasimami kusubiri. Naifundisha kwa sababu inasaidia kuujua mfupa ulipo, lakini mimi mwenyewe ningehamishia kijiti mkono wa pili, kama naweza, na kutwanga.

Kabali ya nyuma, ile vijana wanaiita roba, ndiyo inayoogopwa zaidi, na ina haki ya kuogopwa. Hapo kijiti ni cha mwisho. Kwanza kidevu: kishushe na ukigeuze kuelekea kunjo la kiwiko chake, upate nafasi ya kuvuta pumzi. Pili, mikono yote miwili idake kigasha chake na kuning'inia, uzito wako wote, kama unaning'inia kwenye bomba la daladala likifunga breki. Ukipata pumzi moja ndipo mkono wenye kijiti uachie na kutwanga nyuma, kwenye paja lake, tena na tena, au juu kwenye vidole vyake kama unavifikia. Atasogeza nyonga. Akisogeza, geuka kuelekea kiganja chake, usigeuke kuelekea kiwiko. Haya hayasomwi yakaeleweka. Tafuta mtu mzito unayemwamini akushike polepole, na mkubaliane kwamba ukigonga mara mbili anaachia. Mume wangu ndiye gunia langu la kabali, na anadai soda kila Jumapili.

Kwenye daladala matumizi ni ya upole. Mwanafunzi wangu mmoja anapanda kila jioni gari lililojaa mpaka mlangoni, na kulikuwa na mkono uliozoea kutua mahali usipoalikwa. Hakupiga. Aliweka ncha ya kijiti juu ya mgongo wa kile kiganja, akaegemea kidogo, huku anaangalia dirishani. Mkono ukaondoka, mwenye mkono akashuka kituo kilichofuata, na abiria wengine hawakujua kitu. Naipenda habari hii kuliko za wale wanaorudi wakisema wamempiga mtu akalala.

Ziko siku kijiti kinabaki mfukoni. Wezi wa pikipiki wakidaka mkoba, achia. Mkanda uliopita shingoni na begani unakuburuza kwenye lami, nimeshashona upya gauni la mwanamke aliyeburuzwa na nikaona damu ilivyokauka kwenye pindo. Mkoba ubebe begani upande ulio mbali na barabara, uweze kuchomoka. Mtu mwenye kisu au panga, mpe anachotaka, kitupe upande mmoja na wewe ukimbilie upande wa pili. Kundi la vijana, wale panya road wetu, kijiti cha sentimita 14 mbele ya mapanga sita ni mzaha. Akitaka simu, simu inanunuliwa. Kijiti ni kwa ajili ya yule anayekutaka wewe, anayekuvuta kwenye pagala au kwenye gari.

Sauti inakwenda pamoja na pigo. Lakini chagua neno. Mtaani kwetu ukipiga kelele "Mwizi!" watu wanakuja, kweli, na wanakuja na mawe na matairi. Nimeshaona kijana akipigwa mpaka hatambuliki kwa neno hilo, na baadaye ikajulikana alikuwa akigombana na mchumba wake. Aliyekushika mkono anastahili mahakama. Sitaki kulala nikijua nimemchomesha moto. Nawafundisha kupiga kelele "Niache! Simjui huyu!" kwa sauti ya tumboni. "Simjui" ni muhimu, kwa sababu watu wakiona mwanamume anamvuta mwanamke usiku wanasema ni mambo ya mke na mume, wanapita. Ukisema humjui, wanasimama.

Mazoezi hayahitaji ukumbi. Chukua kiroba cha unga cha kilo 25, kijaze mabaki ya vitambaa, ukikandamize mpaka kiwe kigumu kama paja, ukitundike kwenye tawi kimo cha nyonga. Mabaki utayapata bure kwa fundi yeyote. Wa kwetu wanayachoma. Twanga mara thelathini kila mkono, pumzika, rudia. Dakika kumi, mara tatu kwa wiki, inatosha kwa mtu asiyetaka mkanda mweusi. Nusu ya dakika hizo zitumie kuchomoa tu: mkono chini, chomoa, twanga mara mbili, geuka, kimbia hatua kumi. Usiache kukimbia. Mwili unarudia ulichozoea, na nimeona wanafunzi wa walimu wengine wakitwanga vizuri halafu wanasimama palepale, mikono juu, wakimsubiri adui ainuke.

Na ufanye mazoezi kwa nguo zako za kweli. Ukifanya kwa trakisuti na raba, umejiandaa kwa shambulio la uwanjani. Vaa dera, vaa kandambili, beba mfuko wa nyanya. Kandambili utazivua kwa teke moja kabla ya kukimbia, na hilo nalo lina mazoezi yake.

Sheria kidogo, kwa sababu hili nilimuuliza mteja wangu wakili siku alipokuja kupunguza suti. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali, ila kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika. Kenya kifungu cha 17 cha sheria yao kinakwenda kwa misingi ya sheria ya Kiingereza, ambayo nayo inauliza kama nguvu ilikuwa ya kiasi. Kwa lugha ya cherehani: ukimpiga mara mbili akaachia, umekata kwenye mstari. Akiwa ameanguka na wewe unaendelea kutwanga, umekata kitambaa cha mteja, na utalipa. Ukishafika salama nenda kituoni ukaeleze wewe mwenyewe, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, kama umeumia, kabla yeye hajaenda na hadithi yake.

Dada zangu mlio Uingereza, msikibebe. Kule sheria ya mwaka 1953 inakataza kutembea hadharani na kitu ulichokikusudia kuwa silaha, na ukimwambia askari ni cha kujilinda umeshajifunga mwenyewe. Tochi na kengele ya kupiga kelele zitawafaa. Na kwenye viwanja vya ndege vya Marekani abiria haingii nacho ndani ya ndege. Kiweke kwenye begi linalokwenda chini. Binamu yangu aliacha cha mpingo kwenye pipa la ukaguzi na bado ananidai kingine.

Kijiti chenyewe hakina matunzo mengi. Tone la mafuta ya nazi kila mwezi, futa kwa flana. Kagua mikato, kikipata ufa, kitupe jikoni.

Jumapili iliyopita nilimjaribu mpwa wangu bila kumwambia. Alikuwa anakuja kutoka dukani, mvua imeanza, nikatokea nyuma ya ukuta nikamshika kifundo. Mkono wa kulia ulikuwa na mwamvuli, na mfuko niliomshonea uko kulia. Aliganda. Kisha akautupa mwamvuli, akazungusha mkono kuelekea gumba langu, akakimbia mpaka kwenye kibaraza cha jirani, hakugusa kijiti kabisa. Akasema kwa hasira, "Shangazi, na kushoto je?" Jioni ile nikafumua mshono wa kushoto, nikatia alama ya chaki, nikamshonea mfuko wa pili.